Ugali Mezani kwa Wakubwa: Historia Iliyomo katika Chakula cha Kiitalia

Msafiri aingiapo katika mkahawa wa kifahari nchini Italia hupokewa kwanza na vitu asivyoviomba: kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, bilauri mbili tatu zenye miguu mirefu, uma na visu vilivyopangwa mistari, na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa lugha ambayo hata aijuaye kidogo humtia mashaka. Mtumishi wa meza husimama kando, mikono nyuma, akingoja. Kila kitu mahali hapo kimewekwa ili mgeni aamini kwamba ameingia katika nyumba ya kale yenye mila zisizobadilika, na kwamba chakula atakacholetewa kilikuwa hivyo hivyo tangu zama za Warumi. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Sehemu kubwa ya vyakula vya meza hiyo ilifika Italia kwa jahazi na kwa msafara kutoka nchi za mbali, na sehemu nyingine, ambayo leo hulipiwa fedha nyingi, ilikuwa chakula cha watu waliokosa chakula kingine.

Jambo hili latuhusu sisi walimu wa Kiswahili kuliko linavyodhaniwa. Orodha ya vyakula ni maneno kabla haijawa chakula, na mengi katika maneno hayo ni ndugu wa maneno yetu. Waitalia husema zafferano, sisi twasema zafarani. Wao husema zucchero, sisi sukari. Wao limone, sisi limau. Wao sorbetto, sisi sharbati. Hata melanzana na biringani, ingawa sura zao zimeachana sana, zina shina moja lililotoka Uajemi na kupitia kwa Waarabu. Undugu huu haukutokea kwa bahati. Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini walianza kukiteka kisiwa cha Sicily mwaka 827, na utawala wao haukwisha kabisa hadi Wanormani walipoumaliza mwaka 1091. Katika muda huo walifundisha kilimo cha umwagiliaji, wakapanda miwa, milimau na mibiringani. Bidhaa na majina yake yalishuka pamoja bandarini Palermo, kama yalivyoshuka pamoja Lamu, Mombasa na Unguja. Basi mwanafunzi wa Kiswahili aketipo kwenye meza ya Kiitalia si mgeni kabisa kama anavyojiona. Amekutana na watoto wa shangazi yake waliolelewa mji mwingine.

Nitafuata mpango wa chakula chenyewe kadiri iwezekanavyo. Waitalia hawaleti vyote kwa pamoja juu ya sinia. Huanza na vitu vidogo vya kuamsha hamu, kisha huja sahani ya kwanza, ambayo huwa ni tambi au wali au supu, kisha sahani ya pili ya nyama au samaki, kisha kitu kitamu, na mwisho kahawa. Mgeni asiyejua hushiba kwa sahani ya kwanza akidhani ndiyo karamu yote, na nyama ijapo huitazama kwa huzuni. Hata mpango huu si wa kale. Katika karamu za watawala wa zamani, kama zile alizozieleza Bartolomeo Scappi, mpishi wa Papa, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1570, vyakula vingi viliandaliwa mezani kwa mkupuo, kila mtu akala kilichokuwa karibu naye. Desturi ya kuleta sahani moja baada ya nyingine kwa kila mlaji ilienea Ulaya katika karne ya 19, nayo ilijulikana kama desturi ya Kirusi. Neno lenyewe ristorante ni la kuazima kutoka Paris. Neno la zamani la Kiitalia ni osteria, yaani nyumba ya mwenyeji apokeaye wageni, ambamo msafiri alikula alichokikuta, akalipa, akalala.

Sahani ya kwanza, basi, ni tambi. Kuna hadithi mashuhuri isemayo kwamba tambi zililetwa Italia na Marco Polo kutoka Uchina. Hadithi hiyo ni ya uongo, na uongo wake waweza kupewa tarehe. Marco Polo alirejea Venice mwaka 1295. Lakini katika hati ya mthibitishaji mmoja wa mji wa Genoa, ya mwaka 1279, imeorodheshwa mali ya askari mmoja, na miongoni mwa mali hiyo kuna kikapu kilichojaa makaroni. Kilichoipa nguvu hadithi ya Marco Polo ni gazeti la wafanyabiashara wa makaroni wa Marekani, mwaka 1929, ambao walihitaji kitu cha kuvutia wanunuzi. Watu wengi wenye elimu wameisimulia tangu hapo kana kwamba waliisoma katika kitabu cha Marco Polo mwenyewe.

Habari ya kweli ni nzuri zaidi. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu, al-Idrisi, alikamilisha kitabu alichoagizwa na Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, kitabu cha kueleza dunia yote iliyojulikana. Akieleza kijiji cha Trabia, kisicho mbali na Palermo, asema kwamba palikuwa na vinu vya maji vingi, na kwamba zilitengenezwa huko tambi, ambazo yeye aziita itriyya, kwa wingi mkubwa, zikapakiwa merikebuni kupelekwa Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Tambi za ngano ngumu zilizokaushwa zilikuwa chakula cha safari: hazikuoza, hazikuhitaji nafasi kubwa, na baharia aliweza kuzipika penye maji na moto. Na sasa msomaji asikilize vema: kitabu hicho hicho, kilichoandikwa katika jumba la mfalme wa Sicily, chataja pia Malindi na Mombasa na nchi ya Sofala. Mwandishi aliyetupa habari za mapema kabisa za biashara ya tambi za Italia ndiye aliyewaeleza watu wa Ulaya habari za pwani yetu. Wakati mwanamke wa pwani akaangapo tambi zake kwa sukari, hiliki na tui, na mpishi wa Palermo atiapo zake dagaa na zabibu kavu, kila mmoja adhani ya mwenzake ni maajabu.

Tambi ziligeukaje kutoka chakula cha mabaharia zikawa chakula cha umma? Jibu lipo Naples, nalo ni jibu la njaa. Watu wa Naples walitaniwa zamani na Waitalia wengine kwa jina la mangiafoglie, walaji wa majani, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kabichi na mboga, pamoja na nyama kidogo. Katika karne ya 17 mji ulifurika watu, nyama ikaadimika, na wakati huo huo mashine ya kukandia unga na shinikizo la kukamulia tambi vikapunguza bei yake. Upepo mkavu wa milimani na unyevu wa bahari, katika miji kama Gragnano na Torre Annunziata, ulikuwa unafaa sana kwa kuzianika. Basi jina la utani likabadilika, wakawa mangiamaccheroni, walaji wa makaroni. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alipopita Naples mwaka 1787 aliona makaroni yakipatikana kila mahali kwa bei ndogo mno. Wasafiri matajiri kutoka Uingereza na Ufaransa walisimama njiani kuwatazama maskini wa mji ule wakiinua tambi kwa vidole, vichwa nyuma, na kuziteremsha kooni. Baadaye picha za watu hao ziliuzwa kama kumbukumbu za safari. Sisi tuliowahi kuona wageni wakipiga picha watu wetu wakila, twaijua hali hiyo.

Hapa yafaa kusema neno juu ya uma, kwa sababu hakuna chombo kinachomtisha mgeni kuliko hicho. Katika karne ya 11 mtawa Petro Damiani alimlaumu vikali mke wa mtawala wa Venice, binti wa Byzantium, kwa anasa ya kutogusa chakula kwa vidole na kukila kwa uma wa dhahabu. Kwa hiyo uma ulianza Italia kama jambo la aibu. Ulikubaliwa polepole, na wanahistoria wengi wa chakula huona kwamba tambi, ambazo ni moto na huteleza, ndizo zilizousaidia. Mwaka 1608 Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, alisafiri hadi Italia, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1611 alieleza kwa mshangao kwamba Waitalia hutumia uma kwa kuwa vidole vya watu wote havina usafi sawa. Aliporudi kwao akaendelea kula kwa uma, rafiki zake wakamcheka. Basi yule mtumishi wa meza wa London ambaye leo humtazama kwa jicho la pembeni Mwafrika ashikaye uma vibaya, babu yake alikicheka chombo chenyewe. Nasi tulio na adabu zetu za kunawa, kula kwa mkono wa kulia na kutopita upande wa mwenzio katika sinia, hatukuwa watu wasio na adabu za meza; tulikuwa na meza nyingine tu.

Juu ya nyanya sitakawia. Zilitoka Amerika baada ya safari za Columbus. Tabibu Mattioli alizieleza mwaka 1544, nazo zikapewa jina la pomodoro, yaani tofaa la dhahabu. Kwa muda mrefu zilitazamwa kwa shaka. Mapishi ya mchuzi wa nyanya yaliyochapishwa kwanza Naples, katika miaka ya 1690, yaliitwa mchuzi wa namna ya Kihispania, na tambi zenye mchuzi wa nyanya hazikuingia katika vitabu vya upishi ila katika karne ya 19. Dante, aliyefariki mwaka 1321, hakuiona nyanya maisha yake yote.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka mmoja, nikiwa katika safari ya masomo, wenyeji wetu walitualika chakula cha jioni katika mkahawa wa kifahari mjini Venice. Baada ya sahani ya kwanza nililetewa sahani pana nyeupe yenye ngisi waliopikwa katika wino wao mweusi, na kando yao vipande viwili vya kitu cheupe, kila kimoja ukubwa wa kibiriti, vilivyochomwa kidogo hata vikapata michirizi. Nilikitambua kwa ulimi kabla sijakitambua kwa jina. Nilimwuliza mzee aliyeketi karibu nami, mwalimu wa historia aliyekwisha staafu, kitu hiki ni nini. Akajibu, "Polenta, bwana mwalimu. Unga wa mahindi." Nikamwambia kwamba kwetu Uganda chakula hiki ndicho tuwapacho wanafunzi wa bweni kila siku ya Mungu. Mzee hakucheka. Alisema, "Bibi yangu hakuiruhusu iingie nyumbani kwake. Utotoni aliila asubuhi, mchana na jioni, na hapakuwa na kingine."

Maneno ya mzee yule yana historia ndefu nyuma yake. Watu wa Italia ya Kaskazini walikuwa wakisonga ugali tangu zamani, lakini ulikuwa wa mtama mdogo, wa ngano za kienyeji, au wa njugu za miti ya milimani. Mahindi yalifika nchi ya Venice katika karne ya 16, yakazaa kwa wingi kuliko nafaka zote walizozijua. Waitalia waliyaita granoturco, nafaka ya Kituruki, ingawa hayakutoka Uturuki. Waswahili wakayaita mahindi, ingawa hayakutoka Bara Hindi. Kila taifa lilimpa mgeni huyo jina la mgeni mwingine wa mbali liliyemjua. Kufikia karne ya 18 mkulima wa Veneto au Lombardy, aliyelima shamba lisilokuwa lake, alipanda ngano kwa ajili ya kodi na ya soko, akajilisha mahindi. Ngano ilikwenda kwa mwenye shamba. Ugali ukabaki.

Ugali peke yake, bila kitoweo. Hapo ndipo lilipotokea gonjwa ambalo Waitalia waliliita pellagra, jina la lahaja ya Lombardy lenye maana ya ngozi iliyokwaruza, lililoandikwa na tabibu Frapolli mwaka 1771. Majira ya kuchipua, jua likianza kuwa kali, ngozi ya mikono na shingo ya mgonjwa iliungua na kuambuka. Kisha tumbo likaharisha pasipo kukoma. Kisha akili ikapotea. Hesabu ya serikali ya Italia katika miaka iliyokaribia 1880 ilionyesha wagonjwa wapatao 100,000, karibu wote watu wa mashamba wa kaskazini. Wengi wa wale waliopotewa na akili walipelekwa katika hospitali za wenye wazimu, na mojawapo ya hospitali hizo ilikuwa katika kisiwa kidogo cha San Servolo, ng'ambo tu ya maji kutoka Venice.

Mabingwa waligombana juu ya sababu yake. Cesare Lombroso, aliyesikilizwa sana siku hizo, alishikilia kwamba sumu ya mahindi yaliyooza ndiyo iletayo ugonjwa, na sheria ya mwaka 1902 ya kupambana na pellagra ilijishughulisha hasa na mahindi mabovu. Wengine walisema kwamba wakulima wanaugua kwa sababu hawana cha kulia ugali wao. Naona si ajabu kwamba rai ya kwanza iliwapendeza wakubwa zaidi: mahindi mabovu huweza kutupwa, lakini rai ya pili ilitaka mtu aulize nani mwenye shamba. Mwaka 1937 ndipo ilipothibitika kwamba dawa ni niasini, vitamini moja ya kundi la B. Mahindi yanayo niasini, ila imefungika isiweze kutumika mwilini. Watu wa Mexico, wenye mahindi tangu enzi na enzi, huyachemsha kwanza katika maji ya chokaa, na chokaa hiyo huifungua. Mahindi yalisafiri kuvuka bahari, lakini ujuzi wa kuyapika haukusafiri pamoja nayo.

Msomaji asidhani haya ni ya Wazungu wa kale tu. Sisi Uganda ugali wa mahindi twauita posho, na kila mwalimu wa Kiswahili ajua kwamba posho maana yake ni chakula apimiwacho mfanyakazi, askari au mpagazi. Jina la kipimo likawa jina la chakula, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliopimwa. Na ni katika posho ya namna hiyo ambamo pellagra ilirudi karibu na kwetu: mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua, baada ya karanga zilizokuwa katika chakula chao cha msaada kukosekana, wakabaki na mahindi. Karanga tu. Mama wa kwetu asiyejua neno niasini, ambaye hata hivyo hakubali kuandaa posho bila mchuzi wa karanga, maharagwe au mukene, amekuwa akifanya kazi ambayo mabingwa wa Italia waliitafutia jibu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndiyo maana vile vipande viwili vilivyochomwa vilinifikirisha. Polenta iliweza kurudi mezani kwa wakubwa pale tu ilipokoma kuwa lazima. Wajukuu wa walioikimbia sasa huila kwa ngisi, kwa uyoga wa thamani na kwa jibini, yaani kwa kitoweo kile kile walichokikosa bibi zao.

Wengi walioikimbia waliikimbia kweli, kwa meli. Kati ya mwaka 1876 na 1915 Waitalia wapatao milioni 14 walihama nchi yao kwenda Amerika na kwingineko. Huko New York na Buenos Aires walikuta ngano na nyama kwa bei waliyoiweza, wakaanza kula siku za kazi vyakula walivyokuwa wakivila sikukuu tu, na mikahawa waliyoifungua ndiyo iliyoifundisha dunia kwamba kuna kitu kinachoitwa chakula cha Kiitalia. Mambo mengine yalirudi Italia kutoka huko. Tambi za carbonara, zenye mayai, jibini na nyama ya shavu la nguruwe (msomaji Mwislamu na aulize kabla ya kuagiza), ambazo huambiwa wageni kwamba ni za wachoma makaa wa kale, hazina habari yoyote iliyoandikwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Na mapishi yake ya mapema yaliyochapishwa yapo katika kitabu cha Chicago cha mwaka 1952.

Je, nyumbani Italia nani aliyeviunganisha vyakula vya mikoa mbalimbali vikawa vya taifa? Hapa walimu wenzangu watanisamehe nikikaa kidogo, maana mambo yamegeuka kuwa ya lugha. Italia ilipounganishwa kuwa dola moja mwaka 1861, walioweza kuzungumza Kiitalia walikuwa wachache ajabu. Kwa kadirio la mtaalamu Tullio De Mauro, asilimia 2.5 tu. Wengine wote walizungumza lahaja zao, na kila lahaja ilikuwa na majina yake ya samaki, ya mboga na ya vipande vya nyama. Mwaka 1891 mfanyabiashara mstaafu wa Florence, Pellegrino Artusi, mwenye umri wa miaka 70, alitoa kitabu cha upishi. Wachapishaji walikikataa, akakichapisha kwa fedha zake. Toleo la kwanza lilikuwa na mapishi 475. Akina mama wakaanza kumwandikia barua, mmoja kumsahihisha, mwingine kumtumia pishi la kwao, naye akawa akiyajaribu na kuyaongeza, hata toleo la mwaka 1910 likawa na mapishi 790. Kila pishi aliliandika kwa Kiitalia safi chepesi, akawaeleza watu wa mkoa huu jina litumikalo mkoa ule, akiyadhihaki maneno ya Kifaransa ambayo wapishi wa mahoteli walipenda kujipamba nayo. Mwanachuoni Piero Camporesi amesema kwamba kitabu hicho kilifanya zaidi kwa umoja wa Italia kuliko riwaya mashuhuri ya Manzoni iliyosomeshwa katika shule zote.

Uganda Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Amri na Katiba hatuzidharau, hasha. Lakini ningependa kuona kitabu kimoja cha Kiswahili safi kinachoeleza namna ya kupika luwombo la Buganda, malewa ya Bugisu na eshabwe ya Ankole, hata mama wa Mbale amwelewe mama wa Mbarara bila mkalimani. Wanafunzi wangu hukariri ngeli za majina kwa mifano ya viti na miti. Mkungu, mikungu, vikungu vya ndizi wanavyovibeba wenyewe havimo kitabuni.

Kuna upande mmoja ambao orodha ya vyakula haiutaji. Katika Afrika, tambi za Kiitalia hazikufika kwa mikahawa bali kwa majeshi. Eritrea ilifanywa koloni mwaka 1890. Sehemu kubwa ya Somalia ikafuata. Na mwaka 1935 Ethiopia ikashambuliwa, watu wake wakamwagiwa gesi ya sumu. Wasomali waliobaki na tambi wamezifanya zao kabisa: huziita baasto, hutia viungo vya kwao, na huzila pamoja na ndizi mbivu, jambo ambalo Mwitalia akiliona hufumba macho. Malindi ni habari nyingine. Waitalia walifika huko katika miaka ya 1960 kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini, ambapo setilaiti yao ilirushwa Aprili 1967. Nyuma yao wakaja watalii na wenye mikahawa, na leo vijana wa Malindi wasiowahi kuvuka bahari huzungumza Kiitalia chepesi kwa kusikia tu.

Mwisho huletwa kahawa, katika kikombe kidogo hata mgeni hudhani amepunjwa. Venice ilikuwa miongoni mwa bandari za kwanza za Ulaya kupokea kahawa kutoka kwa Waturuki, na Caffè Florian, uliofunguliwa mwaka 1720, ungali wazi. Jina lao caffè na letu kahawa ni moja, nasi tumetoka kwalo kupata mkahawa. Lakini ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa nguvu ya shinikizo ni ya karne ya 20: Luigi Bezzera aliomba hataza ya mashine yake mwaka 1901, na povu la rangi ya dhahabu, ambalo Mwitalia hulitazama kwanza kabla ya kunywa, lilipatikana baada ya Achille Gaggia kubuni mashine ya mkono katika miaka ya 1930 na 1940. Povu hilo huwa zito zaidi ikichanganywa buni ya robusta. Robusta ni mti wa misitu yetu, na kwa miaka mingi Italia imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa buni ya Uganda.

Kabla Mwitalia hajaijua buni hiyo, Waganda na Wahaya wa Bukoba walikuwa wakiichemsha pamoja na majani ya harufu nzuri, wakaianika na kuitafuna. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja akala yake ikiwa na damu ya mwenzake. Mgeni naye alipofika nyumbani aliletewa kikapu kidogo chenye buni kavu, akachukua chache, akatafuna, ndipo mazungumzo yakaanza. Kule Venice kikombe kile huja wakati mtumishi wa meza amekwisha kuandika hesabu.